Miguuni pa Rabi

SWALI: Mimi ni mwinjilisti wa Kilutheri katika usharika mmoja wa mkoa wa Kilimanjaro. Tangu mwaka jana nimekuwa nikisikiliza kwa simu masomo ya rabi, yaani mwalimu wa dini ya Kiyahudi, anayefafanua Torati sura kwa sura, nami nimefaidika sana katika kuandaa mahubiri. Sasa mzee mmoja wa kanisa ameniambia kwamba anayefundishwa na wasiomkiri Yesu mwishowe atamwacha Yesu, na vijana nao wananiuliza kama tuanze kushika Sabato na kuacha nyama ya nguruwe. Je, niache kumsikiliza?

JIBU: Usiache, ila wasiwasi wa mzee wako usiupuuze, kwa maana anawalinda watu aliokabidhiwa. Keti naye umweleze kwamba njia hiyo imepitwa na wengi. Hieronimo, mwanazuoni wa Kanisa la kale aliyehamia Bethlehemu mwaka 386 na huko akalitafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania kwenda Kilatini, alifundishwa na Myahudi aliyemjia usiku kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake, hata Hieronimo mwenyewe akamfananisha na Nikodemo. Nicholas wa Lyra, mtawa Mfransisko aliyefariki mwaka 1349, aliifafanua Biblia nzima huku akimrejea kila mara Rashi, rabi wa Troyes nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1105. Na Luther naye aliutumia ufafanuzi huo wa Nicholas. Mlutheri anayemsikiliza rabi hajazua jambo geni.

Faida yake ni ipi? Chukua Mwanzo 22:2, ambapo Mungu anamwambia Ibrahimu amchukue mwanawe, wa pekee, ampendaye, Isaka, akamtoe sadaka mlimani. Kwa nini maneno yote hayo, wakati jina moja lingetosha? Rashi, akifuata mapokeo ya wazee wake, anayasoma kama majibizano kati ya Mungu na Ibrahimu. Mwanao: ninao wawili. Wa pekee: kila mmoja ni wa pekee kwa mama yake. Umpendaye: nawapenda wote wawili. Ndipo linapotajwa jina la Isaka. Katika sura iliyotangulia Ishmaeli amekwisha kuondolewa nyumbani pamoja na mama yake, lakini baba bado anahesabu wana wawili. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni bila kuisikia sauti ya baba huyo, na ninakiri kwamba ni Myahudi aliyenisikilizisha.

Hata hivyo, rabi hatakuambia kwamba mlima ule unaelekeza Golgotha; hayo utayasema wewe kwa imani yako. Unapokuwa mimbarani, tamka wazi kwamba rabi anafundisha hivi na sisi tunakiri vile, wala usiyapinde maneno yake yaonekane kumshuhudia Kristo, kwa kuwa huko ni kumdhulumu mwalimu aliyekufundisha. Ukipata nafasi ya kuzungumza naye, mjulishe mapema kwamba wewe ni Mkristo.

Kuhusu vijana, wasomee Matendo 15, ambapo mitume hawakuwatwika watu wa mataifa mzigo wa tohara na sheria ya Musa. Marabi wenyewe hufundisha kwamba amri 613 za Torati ni za Israeli, na kwamba mataifa mengine yanadaiwa amri saba za wana wa Nuhu, ambazo Sabato haimo. Anayetaka kuacha nguruwe aache, mradi asifanye jambo hilo kuwa sharti la wokovu.

Kuna jambo moja ambalo mimi ningelihofia kuliko hilo analolihofia mzee wako. Luther alijua Kiebrania, tena alifaidika na elimu iliyotoka kwa Rashi, lakini mwaka 1543 alitoa kitabu akishauri masinagogi yachomwe moto na marabi wakatazwe kufundisha. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa maneno hayo waziwazi mwaka 1984, baada ya mamilioni ya Wayahudi kuuawa katika Ulaya iliyokuwa na makanisa kila mji. Kwa hiyo mkiketi, mweleze mzee wako habari hiyo pia, na umsomee Mwanzo 22 pamoja na majibizano yale, kisha umwulize ni neno gani kati ya hayo linalomtenga na Yesu.