Ndama dume wa ng'ombe wa maziwa: usibane maziwa miezi ya mwanzo

Ukianza kufuga ng'ombe wa maziwa, jiandae: karibu nusu ya watakaozaliwa ni madume. Huku kwetu Hai, Kilimanjaro, wengi humuuza dume akiwa na siku chache kwa bei ya kutupa, au humwacha alambe mabaki mpaka ajifie. Na mimi nilifanya hivyo. Siku hizi ninawanenepesha, na kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni lile lile nililolifanya: wanabana maziwa mwanzoni, halafu wanategemea pumba zifidie baadaye. Hazifidii.

Dume wangu wa kwanza nilimpa lita moja asubuhi na moja jioni, ili maziwa mengi yaende kituo cha kukusanyia maziwa. Alipofika miezi mitano alikuwa na tumbo la gudulia, manyoya yamesimama, uti wa mgongo unahesabika. Nikamlisha mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, mwaka mzima. Mnadani Weruweru mnunuzi akamshika nyonga, akapita bila kutaja bei.

Kwa hiyo anza na dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa. Ndama aipate ndani ya saa sita tangu azaliwe, na kama unaweza, saa mbili za kwanza. Ndama wa Frisia wa kilo 40 apate lita nne siku hiyo. Kinga yake inatoka humo, na baada ya siku moja utumbo hauipokei tena. Maziwa ya siku zinazofuata, ambayo bado hayafai kupelekwa kituoni, usiyamwage. Hayo ni ya dume.

Kisha lita nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni, yenye joto la mwili. Kumzoesha ndoo, nawa mikono, chovya vidole viwili kwenye maziwa, umtie mdomoni mpaka aanze kuvuta, halafu shusha mkono polepole hadi midomo iguse maziwa. Usimsukume kichwa: maziwa yakiingia mapafuni umemuua. Wapo wanaoelewa mlo wa pili, wapo wanaochukua siku tatu. Mvumilie.

Lita nne kwa siku 70 ni lita 280. Zidisha kwa bei ya kituo chako uone gharama yenyewe kabla hujaanza. Ukiona huiwezi, muuze mapema kwa mtu atakayemlea vizuri. Kumlea nusu nusu ni kumtesa yeye na kupoteza fedha zako.

Tangu wiki ya kwanza awe na maji safi na chakula kikavu kidogo kila siku, kwa sababu hicho ndicho kinacholiamsha tumbo la kucheua. Mwachishe maziwa anapomaliza kilo moja ya chakula hicho kwa siku tatu mfululizo, hata kama kalenda inasema vingine. Urea usimpe kabisa umri huu, ni sumu kwake.

Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, huchomwa mara moja tu, na sijawahi kuijutia. Kumwogesha dawa ya kupe kunabaki palepale, maana ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, haikingwi na chanjo hiyo.

Kuhasi kwa burdizo, koleo la kubana mishipa ya korodani bila kukata ngozi, nafanya kati ya miezi miwili na mitatu. Bana mshipa mmoja, kisha wa pili, kila mmoja peke yake. Ukibana mfuko wote kwa mkupuo unakata damu na ngozi inaoza. Kama utauza kabla ya mwaka na kidogo, mwache bila kuhasi: dume hukua haraka kuliko maksai. Ila uwe na banda imara.

Kunenepesha kwenyewe ni kazi nyepesi: mabua yaliyokatwakatwa, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC. Frisia ana mifupa mikubwa, mafuta humjia mwisho, kwa hiyo asikutie wasiwasi. Mpime kwa utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, kila wiki mbili. Wiki ambazo kilo alizoongeza hazilipi alichokula, mpeleke sokoni. Desemba wenyeji wanaporudi mlimani bei huwa nzuri. Januari hapana, kila mtu anatafuta ada ya shule.

Na ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, usimtunze huyo jike kwa kutegemea maziwa. Karibu kila mara huwa tasa. Mwingize kwenye kundi la nyama pamoja na ndugu yake.