Panga lenye meno mgongoni halivunji nazi

Mhariri, katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji swali hili: panga jipya lenye bapa lililopakwa rangi nyeusi, meno ya msumeno mgongoni na mpini wa plastiki uliovikwa mpira, linalouzwa shilingi 35,000 wakati panga la kawaida ni shilingi 10,000, je, lina thamani ya bei hiyo kwa mkulima mdogo? Nimelisoma swali hilo mara mbili nikiwa shambani kwangu Muheza, na mara zote mbili limenikera, kwa sababu linaanza na bei kabla ya kazi. Mkulima hununua panga afyekee, apogolee michungwa, akatie kuni, afungulie dafu, amenyee muwa, na jioni avunjie nazi ya kuungia mboga. Naomba basi niruhusiwe kujibu swali lililo jirani na la kwenu: huyo aliyelibuni panga hili amewahi kuliona panga likifanya kazi kutwa nzima mkononi mwa mtu?

Nianze na mgongo, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kila aliyekulia pwani anajua kwamba nazi haivunjwi kwa makali. Unaishika katika kiganja cha kushoto, unaipiga katikati kwa mgongo wa panga, unaizungusha kidogo, unapiga tena, na kwenye pigo la tatu au la nne unasikia mlio umebadilika kwa sababu ufa umeshazunguka. Unakinga maji kwenye bakuli, unapata vizio viwili vilivyolingana, unakaa kwenye mbuzi. Ukiweka meno ya msumeno mahali hapo, pigo halitui tena kwa ubapa wa mgongo bali kwa ncha za meno, kifuu kinamomonyoka, na vipande vyake vinaingia kwenye nyama ya nazi. Isitoshe, mgongo huo ndio unaogongwa kwa gogo panga linapopasua kuni, na ndio unaowekewa kiganja cha pili mtu anapochonga mti.

Na huo msumeno wenyewe hausumeni. Meno ya msumeno wa kweli kwa kawaida hupindwa moja kulia na moja kushoto, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bati la msumeno. Meno ya panga hili yamechongwa wima, hayakupindwa, na kwenye tawi bichi la mchungwa yatajaa unga mbichi na kukwama kabla hayajafika nusu. Nilipoiona picha yenu nilisema moyoni kwamba shilingi 25,000 za ziada zimelipiwa pambo, na nilikuwa nimeshaamua kuandika hivyo tu na kufunga barua.

Lakini panga ni chuma kwanza, na sifa ya chuma haionekani pichani. Mapanga mazuri hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kiasi, kati ya asilimia 0.6 na 0.8. Ikipungua sana, makali yanalala kabla ya saa nne asubuhi. Na chuma kikikazwa kupita kiasi, kinamegeka siku kitakapokutana na jiwe. Panga haliachwi liwe gumu kama wembe, kwa makusudi kabisa, ili tupa iweze kulinoa hapo hapo shambani. Unene wa kutosha ni kama milimita 2 hivi, na uzito unatakiwa uende mbele, kwenye upana ulio karibu na ncha, ili panga lenyewe lisaidie mkono linaposhuka. Umbo hilo la kupanuka mbele ni letu kiasi kwamba katika orodha za watengenezaji wa Uingereza na Marekani linaitwa kwa neno letu hilihili, panga.

Haya sikuyapata darasani. Marehemu baba yangu alikuja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, akakata mkonge miaka mingi kabla ya kupata shamba lake, na mkata mkonge hulipwa kwa alichokata, kwa hiyo chombo butu humla ujira wake. Mwaka 1993, maduka yalipokuwa yameanza kujaa bidhaa za kila nchi, alinichukua kwenda Muheza mjini kununua panga. Kabla ya hapo tulizoea zana kutoka kiwanda cha Ubungo, na wazee walikuwa bado wakiyasifu mapanga ya Mwingereza yenye mhuri wa mamba. Sasa mezani palikuwa na mapanga ya aina saba au nane, yote yaking'aa kwa mafuta, na mimi niliona yote ni sawa.

Baba hakuuliza bei. Alichukua la kwanza akafumba jicho moja na kuutazama mgongo wake kuanzia mpini hadi ncha, kama fundi seremala anavyotazama ubao, akalirudisha. La pili alilining'iniza kwa vidole viwili akaligonga kwa ukucha. Likatoa sauti ya bati lililopasuka, akalirudisha. La tatu lililia vizuri, sauti nyembamba iliyochelewa kufa, kwa hiyo alitoka nalo hadi kwenye ngazi ya saruji, akaikita ncha chini na kulikandamiza mpaka likawa upinde, kisha akaliachia. Lilibaki limepinda. Mwenye duka, mtu wa makamo, alitoka nje akasema, “Mzee wangu, unaniharibia mali.” Baba akamjibu kwa upole, “Mwanangu, hili lilikuwa limeharibika kabla sijaingia dukani kwako,” akalinyoosha kwa goti na kumpa.

Iliendelea hivyo karibu saa nzima. Wateja wengine walisimama kutazama, nami nikaona haya, kwa kuwa nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba na sikupenda kutazamwa. Mwishoni baba alitoa mfukoni tupa ndogo iliyofungwa kitambaani. Kwenye panga la sita aliipitisha mara mbili karibu na shina la makali, ikateleza kama juu ya kioo, akatikisa kichwa. Kwenye la saba tupa iling'ata, ila kwa shida, ikaacha mkwaruzo mwembamba unaong'aa. Aliniita nije niuguse. “Hapa,” akasema, “utanoa wewe, usingoje mtu.” Ndilo alilolinunua, na ndipo kwa mara ya kwanza akauliza bei.

Tulipofika nyumbani aliung'oa mpini wake siku hiyo hiyo. Alikuwa na gogo la mpera lililokauka juu ya meko kwa miezi, akalipasua vibao viwili, akavibana kwenye msuka, ule ulimi wa chuma unaoshikwa na mpini, akatoboa matundu matatu na kupitisha waya mnene wa shaba aliouponda kila upande kuwa ribiti. Akachonga, akajaribu kiganjani, akachonga tena, mpaka jua likazama. Ulikuwa mpini mzuri kuliko wowote niliouona, na miaka ilipopita ukalainika na kung'aa kama mkongojo wa mzee. Alipofariki nilirithi mambo mengi makubwa kuliko panga, lakini panga ndilo nililokuwa nikilishika kila siku.

Katika masika ya mwaka 2009 nilikuwa nikikata tawi la mwembe lililoangukia kwenye michungwa. Lilikuwa limelowa, mikono yangu imelowa, na panga lilipogota kwenye fundo la mti likasimama, huku mkono wangu ukiendelea kwenda mbele. Uliteleza juu ya mpini ule laini ukaishia kwenye makali. Nilishonwa nyuzi nane katika vidole viwili vya mwisho, na kidole changu kidogo hadi leo hakikunji sawasawa. Niliwaambia watu wote kwamba ulikuwa uzembe wangu, na kwa miaka yote hii nimeamini hivyo.

Nilipofika hapa katika kuandika niliiacha kalamu, nikaenda stoo kuyatoa mapanga yetu yote. Yako matano. Manne yamezungushiwa mpini utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na mbele, karibu na bapa, kila aliyefunga ameuzungusha mara nyingi zaidi ili pawe na kinundu cha kuzuia mkono. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Moja alifunga mwanangu, moja kibarua kutoka Lushoto, mawili yalikuja hivyo kwa jirani. La tano ni la baba, ambalo sikulifunga kwa sababu niliona ni kumkosea heshima. Kumbe watu wote tunaofanya kazi na mapanga tumekuwa tukisema jambo moja kwa miaka mingi, tukilisema kwa vipande vya tyubu, kwamba mpini tuliouzoea una kasoro: hauna ukingo mbele, unateleza ukilowa, na umekadiriwa kwa kiganja cha mwanamume mkubwa. Baba alichonga kwa kiganja chake, na sikuwahi kumwambia kwamba chombo chake kilikuwa kinene mno kwangu.

Kwa hiyo juzi nilipanda basi hadi Tanga mjini nikalishike hilo panga lenu jipya, na haki ya Mungu lazima niseme nilichokikuta. Mpini wake una ukingo mbele na ndoano nyuma, mpira wake una mistari inayoshika hata niliponyunyizia maji ya chupa yangu, na kiganja changu kiliuzunguka wote mpaka kidole gumba kikagusa cha shahada. Umefungwa kwa skrubu tatu zinazofunguka, wala haukuyeyushiwa juu ya msuka, maana yake ukipasuka kwa jua baada ya miaka, fundi wa kijijini anaweza kuweka wa mti. Nililigonga kwa ukucha, likalia vizuri. Muuzaji hakuniruhusu kulikunja, wala kulipitishia tupa niliyokuwa nayo mkobani, akisema nitachubua rangi. Rangi hiyo itachelewesha kutu kwenye bapa, hilo nakubali, lakini utomvu na maji ya machungwa yanaanzia kwenye makali, ambako rangi haipo.

Sasa natakiwa kutoa hukumu, nami niliyeanza kwa hasira nasema kwamba panga hilo linastahili bei yake, kwa ajili ya mpini tu, na kwa masharti. Nyuzi nane, nauli za hospitali na wiki tano za kutovuna zilinigharimu zaidi ya shilingi 25,000. Anayelima peke yake, hasa mwanamke mwenye kiganja kidogo anayefanya kazi katika masika, atapata faida. Mwenye vibarua kumi asinunue kumi. Anunue tyubu moja kuukuu na kisu. Na yeyote atakayelinunua aombe kwanza kulikunja, kwa kuwa mpini mzuri juu ya chuma kibaya ni hasara ile ile, na muuzaji akikataa kabisa, bei ishuke.

Kuhusu meno, ningewaomba watengenezaji waache kuyaweka, ila kwa waliokwisha kununua, meno yanaweza kusagwa. Msiende kwenye mashine ya kusagia vyuma, au mkienda, msage kidogo kidogo mkichovya panga kwenye maji, kwa sababu chuma kikipata moto mpaka kugeuka rangi ya samawati, ukakamavu wake unaweza kupotea. Tupa ya mkono ni salama zaidi, ingawa ni kazi ya siku mbili. Nimemwomba muuzaji aniwekee moja hadi machungwa yatakapouzwa, na siku mbili hizo nimeshazitenga. La baba litabaki jikoni, kwenye nazi, ambako mkono haulowi sana na mgongo wake bado umenyooka.