Tuhesabiane kwanza, ngoma baadaye: maswali yenu kuhusu mtumbwi wa joka

Barua zimekuja mingi juu ya hii mbio ya mtumbwi wa joka, nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kirefu kuliko zingine, juu wenye wameiandika wanataka kuingia Ziwa Kivu hapa Goma siku ya Mungu inayokuja, na sitaki waingie bila kujua.

*Yaya, salamu kwako na wasomaji wote. Siye tuko vijana 24 wa Himbi na Keshero. Mwenzetu mmoja amerudi kutoka Guangzhou kwenye alikuwa anafanya biashara, akatuonyesha video za mitumbwi mirefu yenye kichwa cha joka na ngoma mbele, kweli moto ukatuwaka. Tumepata mtumbwi mrefu wa mbao wa kukodi na siku ya Mungu tunaanza antrenema, mazoezi. Sheria ziko namna gani? Na jile, koti la kuelea, ni lazima? Juu wengi wetu tumekomalia kando ya ziwa, kuogelea tunajua, na jile inafunga mikono.* – Kapiteni wa ekipe, Himbi

Kapiteni, aksanti kwa kuuliza kabla. Nianze na ekipe yenyewe. Mtumbwi mkubwa wa mashindano unabeba watu 22: wapiga kasia 20 wanakaa wawili wawili kwenye mabenchi 10, mpiga ngoma anakaa mbele kabisa akiwaangalia nyie usoni, na nyuma anasimama mshika usukani na kasia lake refu. Kuna na mdogo wa wapiga kasia 10, jumla watu 12, na mimi kwa ekipe changa kama yenu ningeanza na huo juu watu 12 unaweza kuwaona wote kwa jicho moja. Mbio zinakuwa za mita 200, 500, 1000 na 2000. Kila mtumbwi unakaa kwenye njia yake, ukitoka ukaenda kujibandika kwenye mawimbi ya mwenzako ili yakuvute unaadhibiwa, na ukiondoka kabla ya ishara vilevile. Shirikisho la dunia la mchezo huu, linaloitwa IDBF, liliundwa mwaka 1991, na ubingwa wa kwanza wa dunia ulifanyika Yueyang kule China mwaka 1995, kwa hiyo sheria hizi hazikuandikwa jana, zimetoka kwa watu waliokwisha kuona mitumbwi mingi ikipinduka.

Sasa kuogelea. Sheria yao inataka kila mtu aweze kuogelea mita 50 akiwa na nguo zake za mbio, kwenye maji baridi na yanayotembea. Unaona tofauti? Siyo kuogelea na kaptula pale mnapochota maji, mchana, wenzako wakikuangalia. Wewe kapiteni njo unajibu juu ya hiyo, huwezi kusema "waliniambia wanajua". Kabla ya siku ya Mungu uwapeleke wote 24 mahali maji hayapiti kifua, wavae nguo za antrenema, pimeni mita 50 kwa kamba sambamba na pwani, mmoja mmoja. Mwenye hafiki, hakuna kumcheka, anavaa jile kila siku mpaka afike.

Na hao wanaofika? Kweli kwenye mashindano makubwa utaona watu wazima wengine wanapiga kasia bila jile, juu pembeni kuna boti za uokoaji zinangoja, lakini waandaaji wakisema wote wavae basi wote wanavaa. Nyie hapa boti ya uokoaji iko wapi? Kwa hiyo jibu langu ni moja, wote wavae, kila siku, na kamba zifungwe. Mikono inafungwa na zile jile nene za abiria; mtafute za kupigia kasia, fupi, zenye mabega wazi. Nguvu ya jile ya kuinua mtu inapimwa kwa newton: zile za newton 50 ni za mtu anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu, asiyejua apewe za newton 100. Na msinunue kwa macho! Kuna jile sokoni zimejazwa sponji ya godoro tu, inakunywa maji na inakuwa mzigo. Uitie ndani ya beseni, uweke jiwe juu, uiache usiku mzima, asubuhi uipime kwa mkono: ikikuwa nzito, usimvalishe mtu. Kipimo kingine: uivae, ufunge, mwenzako aivute juu kwa mabega. Ikifika masikioni ni kubwa kwako.

Lakini kapiteni, jile peke yake haitoshi, na nitakuambia nimejulia wapi. Tulipinduka karibu na Bulengo, wapiga kasia 16, boti kubwa ilipita, mawimbi yake yakatupiga ubavuni na mwenzetu mmoja akasimama kuangalia, basi. Tuliibuka, kila mtu na jile yake, tukaanza kucheka ile ya woga. Mshika usukani hakucheka, akapiga kelele "Hesabu!" na sisi tukaanza, moja, mbili, tatu, kila mtu na namba ya benchi lake, tukafika nane, kisha kimya. Tisa hakuitika. Kumi, mwenye alikuwa anakaa naye benchi moja, hakungoja mtu amtume, akaingia chini ya mtumbwi, akamkuta ameshika ubao wa kukalia, kichwa kwenye hewa kidogo iliyobakia mule ndani, macho wazi, na jile ileile iliyokuwa ya kumuokoa inamsukuma juu kwenye sakafu ya mtumbwi, hawezi kushuka apite chini ya ukingo. Akamvuta kwa mguu. Yote ilichukua muda mfupi kuliko wewe kusoma haya. Bila hesabu tungeendelea kucheka.

Kwa hiyo kabla ya kusukuma mtumbwi kila mtu apewe namba, na watu wa benchi moja wajue kwamba kila mmoja njo mlinzi wa mwenzake. Mkipinduka: kwanza benchi lako, halafu hesabu ya wote, na mpiga ngoma na mshika usukani wawe na namba zao. Wote mnashika mtumbwi. Hakuna kuogelea kwenda pwani hata ikionekana karibu, juu mtu anayeogelea peke yake haonekani na mtumbwi unaonekana mbali.

Amri inatoka kwa mtu mmoja, mshika usukani. Siyo mpiga ngoma, siyo wewe kapiteni, siyo mwenye pesa ya kukodi. Chagueni maneno yenu mafupi ya Kiswahili na msiyabadilishe, sisi tunasema "tayari", "piga", "acha" na "shika maji". Hiyo ya mwisho muirudilie mara mia: kila mtu anasimamisha kasia lake ndani ya maji na kulikaza, mtumbwi unasimama. Ukianza kuyumba, makasia yote yalazwe juu ya maji, bapa, mikono imenyooka, na mtumbwi unatulia kama umeota mabawa. Wazito wakae katikati, na kila benchi wawili wenye uzito unaokaribiana. Wimbi kubwa likija, muligeuzie pua.

Na ziwa letu liko na mambo yake ambayo sheria za IDBF haziyajui. Asubuhi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wako wanarudi na nyavu na miti yao mirefu, muwapishe, na kamba zao msizikate. Radi: huku mashariki mwa Kongo tuko kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, Kabare na Sake ziko ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo ukisikia ngurumo moja tu mnatoka, na hamrudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Halafu mazuku, gesi inayoua. Mnatoka majini saa kumi na mbili asubuhi, mmechoka, mnaona kashimo kazuri kenye nyasi kando ya pwani mnataka kulala kidogo. Msilale! Ile gesi ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inajikusanya kwenye mabonde madogo na mashimo ya lava, na asubuhi kabla ya upepo njo inakuwa mingi. Mbuzi wanakufa mule, na watu wamekufa mule. Muulize wazee wa kila pwani wapi mazuku iko kabla ya kushuka, na mupumzikie mahali pa juu penye upepo.

*Yaya, sisi wanawake tunaweza kuingia ao ni mambo ya wanaume?* – Dada wa Birere

Mnaingia, dada, na siyo kwa huruma. Kuna mbio za wanawake, za wanaume, na za mchanganyiko ambazo kwa mtumbwi wa 20 sheria inataka wanawake wasipungue 8 wala kuzidi 12. Na kitu kimoja kinachonigusa sana: mwaka 1996 kule Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie aliwaweka ndani ya mtumbwi wa joka wanawake 24 waliopona saratani ya matiti, wakati ule madaktari wengi walikuwa wanawakataza kazi nzito ya mikono wakiogopa mkono utavimba. Haikuwa hivyo. Leo ekipe za wanawake kama hao ziko nchi nyingi. Sheria za usalama ni zilezile, jile, namba, benchi.

*Mwanangu, mimi ni mama wa Katindo. Binti yangu wa miaka 15 wanataka awe mpiga ngoma juu ni mwepesi. Kuogelea hajui. Tangu ile boti kutoka Minova izame pale Kituku, mimi ziwa naliogopa, lakini mtoto analia kila siku. Nimuachilie?*

Mama, ule mwezi wa Oktoba 2024 nilikuwa kati ya wenye walisimama pwani, na sitakuambia woga wako ni wa bure. Boti ilikuwa imejaa kupita kipimo, imefika kuona bandari kabisa, na makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya wenye walikuja kuwapokea. Na amri ya kuvaa jile kwenye maboti ilikuwa imetolewa na Rais tangu 2019, kisha ile ajali nyingine ya ziwa hilihili.

Kwa hiyo: bado, mama. Usimkatalie, mwambie bado. Mpiga ngoma anakaa juu, kwenye kiti kidogo kwenye pua ya mtumbwi, mgongo kwenye kule mnaenda, hana kasia la kushikia maji. Mtumbwi ukisimama kwa ghafla njo wa kwanza kuanguka, na akianguka mbele, mtumbwi wenye watu 20 unakuja juu yake. Kiti cha namna hiyo hakipewi mtoto asiyejua kuogelea, ata kama ni mwepesi namna gani. Afundishwe kwanza, na mwanamke mwenye kujua kama ungependa hivyo, mpaka afike zile mita 50. Wakati anajifunza anaweza kupiga ngoma nchi kavu, juu mdundo haujifunzwi siku moja: anaangalia wale wawili wa benchi la mbele na ngoma inaenda na makasia yao.

Siku akifika, wewe mwenyewe ushuke pwani bila kuwaambia. Uangalie kama jile yake imefungwa mpaka chini. Umuulize namba yake, na namba ya mtu wa kumtafuta akianguka. Umuulize mshika usukani: mtoto akianguka unafanya nini? Akijibu kwamba anaita "shika maji" palepale na kugeuza mtumbwi mbali naye, huyo amefundishwa. Akianza kufikiri, urudi na mtoto nyumbani.

*Mimi ni fundi wa mitumbwi, nimejifunzia Idjwi. Vijana wananiomba niwachongee wa joka. Vipimo?*

Fundi, ule wa mashindano una urefu wa karibu mita 12 na nusu na upana wa mita 1 na senti 16, na uzito hauko chini ya kilo 250. Kasia ni la mkono tu, halifungwi kwenye ubavu wa mtumbwi, urefu kati ya senti 105 na 130, na bapa lake lisizidi senti 18 kwa upana. Kichwa na mkia wa joka uvifanye vya kutoa, vinavalishwa siku ya sherehe.

Ila wewe nakuomba kitu kimoja kinachopita urembo wote. Mitumbwi yao ya kisasa ina sehemu za hewa zilizofungwa ndani, ukijaa maji hauzami. Wako wa mbao utaelea kidogo, lakini hautabeba watu. Chukua zile bidoni za manjano za litre 20 tunazochotea maji, tupu, kifuniko kikazwe na kufungwa na mpira, uzikaze chini ya mabenchi kwa kamba nzuri, nyingi pande za pua na mkia, sawa kushoto na kulia. Kila bidoni inakupa karibu kilo 20 za kuinua, kumi ni kilo 200. Zikazwe kweli, juu bidoni iliyofunguka ndani ya mtumbwi uliopinduka inaweza kumfungia mtu njia.

Na kabla ya kupaka rangi uusukume mahali maji yanafika kifuani, uujaze mpaka juu, uite vijana 20 wenye jile waushike pande zote mbili, kisha uangalie ukingo. Ukibakia juu ya maji, uwape. Ukishuka, ongeza bidoni urudilie.