Simpleksi naimaliza, swali la maneno linanimaliza

SWALI: Shikamoo dada. Mi nipo mwaka wa pili chuo, nasoma utafiti wa operesheni, ile kozi ya kutumia hesabu kufanya maamuzi. Ukinipa jedwali la simpleksi, ile njia ya kutafuta jibu bora hatua kwa hatua, limeshapangwa nalimaliza bila shida, ila swali likija kwa maneno, sijui kiwanda kina mbao kadhaa na mafundi kadhaa kitengeneze meza ngapi na viti vingapi, natoa macho tu. Pepa iliyopita nimeangukia hapo. Halafu mwenzangu ananiambia siku hizi kompyuta inakokotoa yenyewe kwa hiyo najitesa bure. Nihame kozi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usihame, si kwa sababu hiyo. Kompyuta inakokotoa kweli, na ndo maana kazi iliyobaki kwako ni hiyohiyo inayokushinda, kuyageuza maneno yawe hesabu.

Aliyeleta simpleksi mwaka 1947 ni Mmarekani George Dantzig, na mwaka huohuo njia yake ikajaribiwa kwenye swali la chakula cha bei nafuu kinachotosha mwili, vyakula 77 na virutubisho 9, makarani 9 wakakaa na mashine za mezani, kazi ikala kama siku 120 ukijumlisha siku za kila mmoja. Leo laptop yako inalimaliza kabla hujakaa vizuri. Sasa sikiliza hii. Miaka michache baadaye Dantzig mwenyewe akataka kupungua uzito, akaiambia kompyuta imchagulie chakula cha kumshibisha, na kushiba akakupima kwa uzito wa chakula ukitoa maji yaliyomo, kompyuta ikamjibu anywe siki galoni 500! Haikukosea hesabu hata kidogo, ni kwamba kwenye data siki iliandikwa haina maji. Akaitoa siki, jibu lililofuata likawa vidonge vya supu 200 kwa siku, ndo akajua anatakiwa aweke kikomo cha juu. Kama ilimkuta yeye, we usijione mjinga.

Ukipewa swali acha kukimbilia namba. Jiulize kwanza nani anaamua hapa, na kesho asubuhi anaweza kubadilisha nini kwa mkono wake. Hivyo ndo vigeu. Wengi mnaandika mbao kuwa kigeu kwa sababu imetajwa mwanzoni na ina namba, wakati mbao zipo stoo tayari hakuna anayeziamua, kinachoamuliwa ni meza ngapi na viti vingapi, mbao ni sharti, yaani kikomo usichoweza kukivuka. Kila kigeu kiandikie na kipimo chake, viti kwa wiki, saa kwa siku, maana ukichanganya saa na dakika umeshapotea na hutajua umepotelea wapi. Lengo, yaani unachotaka kiwe kikubwa au kidogo kabisa kama faida au gharama, linakuja baada ya hapo, na sentensi moja inatosha.

Ukishaandika masharti usitatue bado, yajaribu kwa majibu ya kipuuzi. Weka viti milioni moja, kuna sharti linalokukatalia? Kama hakuna basi kuna sharti umelisahau, hiyo ndo siki yako. Weka sifuri kila mahali, inakubali? Mwenye kiwanda angekubali?

Na jibu likitoka viti 3.6 usikadirie kienyeji ukaandika 4, mbao zinaweza zisitoshe, swali la namba kamili lina njia zake na ni gumu kuliko linavyoonekana. Hapo hata kompyuta inahitaji akili yako, mfano kutafuta njia fupi ya kupita miji 20 na kurudi ulikoanza, njia zilizopo ni kama 6 ikifuatiwa na sifuri 16, huwezi kuzijaribu moja moja.

Jina la kozi yako lilianzia jeshini Uingereza miaka ya 1930 mwishoni, wanasayansi walikaa na askari wakiwauliza rada wanaitumiaje, taarifa inampata nani. Walianza na maswali, ndo ninachotaka na wewe uanze nacho.

Leo usiku chukua maswali kumi ya pepa za zamani, usitatue hata moja, andika vigeu, lengo na masharti tu, halafu mpe huyohuyo mwenzako akusimulie swali lilikuwa linahusu nini bila kuliona. Akishindwa au akisimulia kingine, rudia hilo.