Taa za pikapu zimefifia: zisuguliwe au zibadilishwe?

Ndugu yangu, umeuliza kama taa za mbele za Hilux yako ya 2006, zilizogeuka manjano, zisuguliwe au zibadilishwe, maana usiku barabara ya Masaka huioni vizuri. Kabla hujatoa pesa, pitisha kidole juu ya taa. Ukihisi inakwaruza, ugonjwa uko nje: plastiki imechomwa na jua. Hiyo husuguliwa kwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu hupakwa vanishi angavu ya kukinga jua. Bila vanishi, manjano yatarudi. Dawa ya meno wanayosifia watu haidumu.

Lakini chungulia ndani pia. Ukiona matone ya maji, au kile kikombe kinachong'aa nyuma ya balbu kimebabuka, achana na msasa. Badilisha zote mbili.

Ukifika Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kabla ya bei uliza jambo hili: taa imetoka gari la wapi? Sisi tunaendesha kushoto. Taa ya nchi wanakoendesha kulia huinua mwanga upande wa kulia, machoni pa dereva anayekuja, na hiyo inaua. Omba iwashwe ikielekezwa ukutani. Mwanga unapaswa kupanda juu upande wa kushoto. Ikiwa sikio la kufungia limegandishwa kwa gundi, ikatae, mitikisiko italing'oa.

Ikishafungwa, egesha tambarare mbele ya ukuta, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, fundi arekebishe mwanga kwa skrubu za nyuma. Na tafadhali usiongeze wati za balbu. Joto huyeyusha soketi.