Altrasaundi ya dharura: picha ya nani, upande gani?

SWALI: Salaam wataalamu. Katika idara yetu ya dharura, hospitali ya wilaya, majeruhi wa bodaboda tunawapima kwa altrasaundi palepale kitandani. Kukicha, picha zilizomo kwenye mashine hazijulikani ni za nani wala za upande gani. Tuandike nini bila kumchelewesha mgonjwa?
Daktari wa zamu, Morogoro

JIBU: Ndugu daktari, kabla ya kupaka jeli, fungua rekodi ya mgonjwa mpya. Mkanganyiko mara nyingi huanzia hapo: rekodi ya mama mjamzito aliyepimwa jioni imeachwa wazi, na picha za majeruhi wa usiku zinaingia humo humo. Jina likikosekana, ingiza namba ya dharura aliyopewa mapokezi. "Hajulikani" peke yake haitoshi, kwani ajali moja yaweza kuleta wawili.

Kisha andika upande na eneo kabla ya kuhifadhi kila picha: KULIA ini na figo, KUSHOTO bandama na figo, moyo, nyonga. Tumboni ukisahau, jicho lililozoea huweza kutofautisha ini na bandama. Kifuani huna msaada huo. Pafu la kulia na la kushoto hufanana mno kwenye skrini, na anayeiamini picha isiyo na upande anaweza kuingiza mpira wa kifua, ule wa kutoa hewa au damu iliyozunguka pafu, upande usio na tatizo. Chunga pia maandishi ya awali: mashine nyingine huyabakiza unapohamisha proba, kile kifaa cha mkononi kinachogusishwa mwilini, na neno KULIA likahifadhiwa juu ya pafu la kushoto. Kuteleza kwa pafu, yaani pafu kusogea kwenye ukuta wa kifua mgonjwa anapopumua, hakuonekani kwenye picha tuli ya kawaida. Hifadhi video ya sekunde 3 hadi 6.

Kwenye faili andika sababu ya kipimo, maeneo uliyoyaona, majibu, jina lako na saa. Majibu ni matatu: maji (kwa majeruhi, mara nyingi ni damu inayovuja ndani) yapo, hayapo, au eneo halikuonekana vizuri. Kibofu kikiwa kitupu au gesi ikiziba, usiandike "hayapo".

Saa nayo iandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mashine ikionyesha 02:14 na faili likasema 8:14, anayesoma kesho atadhani ni vipimo viwili. Linganisheni saa ya mashine na ya ukutani kila mnapokabidhiana zamu.

Mkirudia kipimo, kiandikeni na saa yake bila kukifuta cha kwanza: damu isiyoonekana mgonjwa alipofika yaweza kuonekana nusu saa baadaye, na daktari wa upasuaji atataka kujua ilianza kuonekana lini.