Kwa mwanangu: kwa nini sisi tulipanda na Anti akabaki

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaona si wa kujibu kwa mistari miwili ya WhatsApp. Unasema mlipokuwa mnakula mchana, mwenzako wa ofisini alikutolea mfano mbele ya watu: wazazi wako walikuja kutoka Afrika bila kitu, wakachapa kazi, leo wewe ni mhandisi. Babu yake naye alirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na begi la jeshi tu, akajijenga. Kwa hiyo anayebaki chini katika nchi hii amejitakia mwenyewe. Ulinyamaza, kisha usiku ukaniuliza juu ya Anti, yule Mmarekani mweusi niliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee: "Mama, mbona Anti alifanya kazi ileile uliyoifanya wewe, tena kwa miaka mingi zaidi, na mpaka leo anaishi nyumba ya kupanga?"

Nianze na hilo la kuja bila kitu, kwa sababu si kweli, baba.

Babu yako kule Kibosho alikuwa na kihamba cha kahawa, yaani shamba la ukoo, na kahawa ile aliiuza kupitia KNCU, chama cha ushirika kilichokuwepo tangu miaka ya 1930. Kahawa ndiyo iliyonisomesha mpaka nikapata stashahada ya ualimu. Tulipocheza bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha kuhamia Marekani, sharti lilikuwa uwe umemaliza sekondari, au uwe na uzoefu wa miaka miwili katika kazi inayodai mafunzo. Jirani zetu waliokuwa wakilima kutwa na kubeba mizigo sokoni walikuwa na bidii kunishinda, lakini fomu ile haikuwahusu. Nauli tuliipata kwa kuuza kiwanja. Mtu mwenye kiwanja cha kuuza hawezi kuitwa mtu asiye na kitu. Mfukoni dola zilikuwa chache, sawa, ila tulikuwa na vyeti, Kiingereza cha darasani, na ndugu ambao mambo yakiharibika wangetupokea nyumbani.

Sasa Anti. Wewe unamkumbuka kwa keki zake za Krismasi. Mimi namkumbuka kwenye zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, wawili tu kwa korido nzima. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza unamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Unamsafisha, unabadilisha shuka, unaandika, unaingia chumba kinachofuata. Yeye ndiye aliyenifundisha kumnyanyua mzee mzito bila kuvunja mgongo: mfunge mkanda kiunoni, kunja magoti, hesabuni pamoja moja, mbili, tatu, ili naye ajisukume kwa nguvu zake zilizobaki. Alizungumza nao kwa heshima hata wale waliokwisha kusahau majina yao, na hata mmoja au wawili waliokuwa wakimtukana kwa sababu ya rangi yake. Kama kupanda kungekuwa ni suala la bidii tu, yule mwanamke angekuwa mbele yangu mbali sana.

Nilipoamua kusomea leseni ya uuguzi, stashahada yangu ilitathminiwa na masomo kadhaa nikasamehewa. Ada niliipata kwenye mchezo wa kina mama wa Kitanzania, ule wa kuchangiana fedha kwa zamu, nikaomba zamu yangu ya kupokea ivutwe mbele. Baba yako alikaa nawe. Anti alinibadilishia wikiendi zake bila kudai chochote. Nilipomwuliza kwa nini naye asiombe chuo, aliniambia mama yake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na hakuna mwingine wa kumpeleka, na akipunguza zamu hata moja kodi haitimii. Kwetu sisi mimi nilipopunguza zamu, mshahara wa baba yako ulibeba nyumba. Wachezaji wa mchezo wetu wote walikuwa watu waliosoma na walioajiriwa. Ndugu zake yeye walikuwa wakimtegemea yeye.

Na kwa nini ndugu zake walikuwa hivyo? Hapo ndipo mwenzako anapotakiwa kusikiliza.

Anti alizaliwa Brooklyn, si ile ya New York, ya hapa Charlotte, North Carolina, mtaa wa watu weusi uliokuwa katikati ya mji. Babu yake alikuwa na nyumba pale. Mtaa ulikuwa na makanisa, maduka, madaktari, na shule yake ya Second Ward. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji ya Marekani, na mitaa kama ule ikapakwa rangi nyekundu, yaani hatari, usikopeshe. Miaka ya 1960 jiji likaubomoa mtaa wote kwa jina la kuusafisha mji. Zaidi ya familia 1,000 ziliondolewa, na hakuna nyumba mpya zilizojengwa pale kwa ajili yao. Mahali pake palijengwa ofisi za serikali, bustani ya Marshall na barabara kuu. Fidia ya nyumba ya babu yake iligawanywa ikaisha, na tangu hapo ukoo wote ukawa wa kupanga.

Baba yake naye alikwenda vita ileile ya babu wa mwenzako, akaendesha malori ya jeshi Ufaransa. Mwaka 1944 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwasaidia askari wanaorudi: chuo kwa gharama ya serikali, na mkopo wa nyumba uliodhaminiwa na serikali. Ilikuwa sheria nzuri mno, iliinua mamilioni ya watu. Lakini mkopo ulitolewa na benki ya mjini kwako, na benki ya mjini ilikuwa na ramani na desturi zake. Mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, askari waliotoka jeshini walipewa mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na serikali, ya nyumba, biashara na mashamba. Weusi walipata 2. Baba yake Anti alirudi na begi kama la yule mzee mwingine, akaambiwa hapana.

Kwa waliokubaliwa, nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo ule mwaka 1948 ndiyo iliyosomesha watoto, ikawekwa rehani mtu alipougua, ikarithiwa. Ndiyo maana Benki Kuu ya Marekani ilipopima mali za familia mwaka 2022, familia ya kizungu ya katikati, yaani iliyo katikati ukizipanga zote kwa mali, ilikuwa na dola 285,000, na familia nyeusi ya katikati dola 44,900. Mishahara peke yake haielezi pengo la namna hiyo.

Mwaka 2014 mchumi Raj Chetty na wenzake walilinganisha miji mikubwa 50 ya Marekani. Waliuliza mtoto aliyekulia katika asilimia 20 ya chini kwa kipato ana nafasi gani ya kufika asilimia 20 ya juu. San Jose ilikuwa asilimia 12.9. Mji wetu huu wa mabenki, wenye majengo ya vioo unayoyapenda, ulikuwa wa mwisho: asilimia 4.4. Watoto ni walewale, wana akili zilezile. Kinachotofautiana ni mtaa, shule, na watu wanaokuzunguka. Sisi tulihamia kusini mwa mji kwa ajili ya shule yako, tukapanga ghali tukajibana. Anti hakuweza kuhama kutoka magharibi mwa mji na kumwacha mama yake.

Wachumi Ran Abramitzky na Leah Boustan nao wamefuatilia watoto wa wahamiaji kwa zaidi ya karne moja. Wamekuta wanapanda kuliko watoto wa wenyeji waliokulia kwenye kipato kilekile. Sababu wanazozitaja ni zetu kabisa. Mhamiaji anaweza kuchagua pa kuishi, na mara nyingi mshahara wake wa mwanzo ni mdogo kuliko elimu aliyokuja nayo. Kwenye karatasi za kodi mimi na Anti tulikuwa masikini wa aina moja. Kumbe mmoja alikuwa mwalimu aliyeshuka kwa muda.

Sisemi usijivunie. Ulisoma, nami nilikuona ukisoma. Wala sisemi nchi hii imetudanganya, maana imetupa mengi na nashukuru kutoka moyoni. Ninachokataa ni jina letu kutumika kumpiga Anti. Hilo linaniuma, mwanangu, na nataka likuume na wewe.

Kwa hiyo mwenzako akikutolea mfano tena, usinyamaze. Mwambie mama alikuja na stashahada na bei ya kiwanja. Kisha muulize kwa adabu, maana huenda hajawahi kuulizwa: babu yake alinunua nyumba mwaka gani, mtaa gani, na mkopo ulidhaminiwa na nani? Akikujibu, niandikie. Nataka kujua.

Mama yako